Jina la Tano

Tetemeko la mwaka 1966 liliangusha vitu vingi kwetu Bwera, mpakani na Kongo, na mnara wa kumbukumbu ya wapiga mizinga ndio pekee ambao hakuna aliyeulilia. Watu walikuwa na nyumba za kusimamisha upya. Mawe ya mnara yalikuwa mazuri, yamechongwa zamani za Waingereza, na haikupita miezi miwili yote yakawa yameingia kwenye misingi ya watu. Sitataja majina, maana jiko langu mwenyewe linasimama juu ya manne.

Kwa hiyo mwaka 1969, Sajini Drani aliponiita kambini na kuniambia mnara unajengwa tena na fundi ni mimi, nilitazama chini kidogo. Drani alikuwa Mlugbara wa kutoka Arua, mrefu, mpiga mizinga kwa kazi yake, aliyeletwa Bwera na kikosi chake kwa sababu ya zile fujo za waasi wa mlimani. Mizinga yenyewe aliiacha huko alikotoka. Nafikiri ndiyo maana aliupenda sana ule mnara.

"Wewe iko fundi?" aliniuliza.

"Ndiyo, afande."

"Hawa watu ilitoka Kongo. Ilibeba muzinga kwa kichwa, ilikuja saidia sisi kupiga Mujerumani. Ilikufa hapa. Halafu nyinyi nachukua mawe yao napikia maharagwe!"

Mtu aliyekwisha kujua jiko lako lilipo huna la kumwambia.

Alinipa karatasi iliyotoka ofisi ya Fort Portal. Mwaka 1916, ilisema, kikosi cha Wakongo wa jeshi la Wabelgiji kilipiga kambi Bwera kikiwa njiani kwenda vitani, na watano wakafa kwa kuhara damu: Bokungu, Ilunga, Tambwe, Kabongo, Kakule. Wanne wa kwanza walikuwa watu wa mbali kabisa, huko mto Kongo na Kasai. La tano lilinichekesha. Kwetu Wakonzo, kama kwa ndugu zetu Wanande wa ng'ambo ya mpaka, baba hamchagulii mtoto jina. Mtoto hupewa jina la nafasi yake katika tumbo la mama. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa nne ni Kule. Ng'ambo husema Paluku na Kakule. Binti wa kwanza ni Masika pande zote mbili. Mimi ni Samsoni Baluku. Baba yangu ni Yonasani Kule. Ukirusha jiwe sokoni Mpondwe bila kulenga utampiga Kule, na atakayekukimbiza ni Kule mwingine. Kumwandika mtu Kakule peke yake ni kama kuandika mtu fulani.

Lakini kazi ni kazi. Nilijifunza kupasua mawe mgodini Kilembe, na tangu nitoke huko hakuna aliyewahi kunipa jiwe la kuchonga herufi. Yalikuwa matofali na vyoo tu. Nikachukua mwiko, tindo na nyundo, nikakodi vijana wawili wa kubeba mawe kutoka mto Lhubiriha, nikaanza msingi.

Siku ya pili baba akaja na kigoda chake.

Baba alikuwa na miaka sabini na kitu, mzee wa kanisa, mkimya. Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya tetemeko, na tangu hapo aliishi kwangu, akilima kipande chake cha mihogo na kunikosoa nilivyopanda changu. Kuja kwake kwenye mnara sikukupenda. Penye wazee haliharibiki neno, wanasema, ila kazi huchelewa. Alikaa hatua kumi kutoka kwenye shimo, akatazama.

Tulipochimba tulikuta mifupa. Tulikuwa tumetarajia, na mchungaji alikuwa amekuja kuomba. Tulikuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wamelazwa kwa mstari, na kila mmoja tulimfunika tena taratibu kwa udongo wake. Mahali pa tano tulichimba hadi kiunoni. Hapakuwa na kitu.

"Udongo umemla," nilisema.

"Udongo hauli meno," baba akasema kutoka kwenye kigoda.

Nilimtazama. Alikuwa akitazama mlimani.

Jioni, tukirudi nyumbani, akaniambia, "Baluku, usichonge jina la tano."

"Kwa nini?"

"Chini wako wanne."

"Karatasi inasema watano."

"Karatasi haikuwepo."

Nikamuuliza kama yeye alikuwepo. Alisema alikuwa kijana wakati ule, akaongeza mwendo. Nilidhani ni ubishi wa uzee. Baba hakuwa mtu wa kueleza. Alikuwa akisema jambo mara moja na kukuachia uzito wake uubebe mwenyewe, na miaka arobaini na tisa nilikuwa nimebeba vya kutosha. Hata hivyo nilimfikishia Drani maneno yake. Drani alinijibu, "Karatasi nasema tano, iko tano. Mimi nataka majina tano, na herufi kubwa."

Basi Jumatatu, baba akiwa kanisani kwenye kikao, nikachonga jina la tano. Nasema kweli, nililichonga kwa hasira, na ndilo lililotoka zuri kuliko yote. Baba alipokuja akalisoma, akarudi kwenye kigoda chake. Nikaona nimeshinda.

Sherehe ya kuuzindua mnara ilikuwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi, nikiwa nalainisha kingo, akaja mwanamke wa makamo, kitenge safi, galoni ya maji mkononi. Nilimjua kwa sura. Alikuwa mmoja wa Wakongo waliokimbia vita vya mwaka 1964; alikaa Kisinga, na siku za soko aliuza maharagwe Mpondwe.

"Jambo, fundi. Banasema uko naandika majina ya basoda ya Kongo."

"Ndiyo, mama, askari watano."

"Kakule iko ndani?"

"Yupo. Huyu hapa."

Akaweka galoni chini. "Ile iko papa yangu. Miye njo Masika, Anastasie. Mama alikuwa na mimba yangu wakati Babeleji balimuchukua."

Nilicheka kidogo, na hadi leo najuta. Nikamwambia, "Mama, akina Kakule ni wengi kama nzige. Utajuaje ni wako?"

"Bakakule beko mingi," akasema, bila kukasirika. "Lakini mwenye alibebaka muzinga na akakufia Bwera, iko moya tu. Barua ilifika kwetu. Nilikuwa na miezi tatu."

Akapiga magoti, akamimina maji juu ya jiwe, akaanza kulisugua kwa kiganja kama mtu anayemwogesha mtoto. Kisha akaacha Kiswahili, akazungumza na lile jina kwa Kinande, lugha ambayo sisi tunaisikia sawasawa na yetu. Hakulia kwa sauti. Alitoa habari. Alimwambia baba yake kwamba barua ilipofika, ukoo ulizika mgomba. Ndiyo desturi yetu pande zote: mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, hufungwa nguo kama maiti, hulazwa kaburini, na watu hunyoa. Baada ya hapo mtu huyo amekufa, hata arudi kwa miguu yake. Akamwambia kwamba mama alinyoa mara moja, na alipotakiwa kuolewa tena akakataa wanaume watatu. Kwamba wajomba walisema mume wake alitoroka jeshi, hakufa, na mama hakuwajibu hata siku moja. Kwamba mama alifariki mwaka wa vita, njiani, karibu na Beni. Akamtajia wajukuu wake sita, mmoja mmoja, kwa nafasi zao. Mwishowe akasema, "Sasa jina lako liko juu ya jiwe la serikali, na wao waje wasome."

Nilikuwa nimesimama na tindo mkononi, sina pa kutazama. Nikageuka kwa baba. Alikuwa ameegemea mbele kwenye kigoda, mikono juu ya magoti.

Anastasie naye akamwona. Akarudi kwenye Kiswahili cha sokoni. "Muzee, weye ulikuwa hapa wakati ile? Ulimujua?"

"Nilimujua," baba akasema.

"Alikuwa mutu wa namna gani?"

"Muoga."

Mwanamke akasimama. "Unasema nini?"

"Wale ingine ilikufa ikifanya kazi. Yeye ilijificha."

"Usitukane papa yangu mbele ya jina yake!" Sauti yake ilipanda hata vijana wangu wakaacha mawe. "Weye ulibeba muzinga? Ulibeba nini, kigoda? Bibi ya mutu muoga anaweza kataa banaume batatu?"

Nikaingilia, nikamwomba radhi, nikasema huyu ni mzee, ni baba yangu, anasema ovyo. Baba akainua mkono kuninyamazisha. Naye akaacha Kiswahili. Lakini hakusema Lhukonzo, lugha yetu. Alisema Kinande cha ng'ambo, chenye mapigo yake yote, ambacho sikuwahi kukisikia kinywani mwake tangu nizaliwe.

"Mama yako alikuwa Kavira, binti wa mfua chuma. Jino lake la mbele lilipanda juu ya lingine. Samaki hakula, hata harufu yake hakuitaka. Niliondoka mimba ikiwa ya miezi minne. Nilijua kuna mtoto. Sikujua kama ni Masika au Paluku."

Nakumbuka kijana mmoja aliniuliza kama walete maji ya saruji, nikamfukuza.

Baba aliyasema yaliyobaki akitazama magoti yake. Wenzake wanne walikufa katika juma moja. Yeye naye aliugua, na watu wa mji wa karibu wakamchukua, wakamnywesha dawa za miti, akapona, akakataa kurudi kikosini. Binti wa mji ule aliitwa Alisi, naye ndiye aliyekuja kuwa mama yangu. Kamanda Mzungu alipotuma watu kumtafuta, wazee wa mji wakakata mgomba, wakaufunga katika blanketi lake la jeshi, wakauzika wa tano kwenye mstari, na wanawake wakapiga mayowe ya kweli. Kamanda akavua kofia, akaandika. Kikosi kikaendelea na safari.

"Mwaka wa kwanza niliogopa kamba ya kunyongea ya Wabelgiji," baba akasema. "Wa pili nikasikia kwetu wamenizika, nikaogopa aibu. Baada ya hapo sikuwa na hofu tena. Nilikuwa na nyumba."

Alizikwa mara mbili, huku na kwao, na mara zote mbili mgomba.

Nilikasirika kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sitajifanya kwamba nilimkasirikia kwa ajili ya mwanamke yule. Nilikasirika kwa ajili ya mama yangu, aliyefungishwa ndoa kanisani mwaka 1931 na mtu aliyemwambia mchungaji kwamba hana mke popote. Halafu nikatambua kwamba mama naye alipiga mayowe juu ya ule mgomba akijua ni mgomba. Alijua kila kitu. Hapo hata hasira yangu ikakosa pa kukaa.

"Lifute, Baluku," baba akaniambia. "Mbele yake. Lifute."

Nikaweka tindo juu ya herufi ya kwanza.

"Fundi, wacha." Anastasie alikuwa mbele yangu, kiganja chake juu ya jina, vidole vikiwa wazi chini ya tindo langu. Machozi yalikuwa yanamshuka, lakini sauti ilikuwa kavu. "Usifute kitu. Papa yangu iko hapa, alikufa na wenzake. Huyu muzee iko wa kwako. Kaa naye."

Akachukua galoni yake, akashika barabara ya Kisinga. Baba hakumwita. Angemwita kwa neno gani?

Ijumaa asubuhi baba akavaa koti la kanisani, akaenda kambini, nami nyuma yake nikimsihi arudi. Miaka ile askari walikuwa hawana mchezo. Watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko kutoroka jeshi. Akasimama mbele ya Drani, akabana miguu pamoja, akasema, "Afande, ile jina ya tano ni mimi."

Ilichukua muda kumweleza. Drani alisikiliza mpaka mwisho, akamzunguka baba mara moja kama anayekagua gwaride.

"Tangu elfu moja mia tisa kumi na sita nakimbia?"

"Ndiyo, afande."

"Na mimi nakukamata leo. Nipeleke wapi sasa? Kwa Mubeleji?" Akavuta karatasi mezani. "Muzee, sikia. Wageni kutoka Kinshasa iko njiani. Programu ilichapwa. Majina iko tano. Jumamosi, wewe iko maiti. Jumapili, ishi unavyotaka. Geuka nyuma! Kwenda!"

Baba akageuka nyuma vizuri sana, kwa mguu wa kulia, vumbi likaruka. Drani akamtazama akienda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Ile iko askari kweli."

Jumamosi wageni walikuja, magari matatu, maofisa wa Kongo na wetu, hotuba za urafiki wa nchi mbili zilizopigana bega kwa bega. Mnara wangu ulisimama wima. Nasema bila haya kwamba ulikuwa mzuri kuliko ule wa Waingereza. Drani aliita majina, na kila jina kikosi kilijibu, "Hayupo!" Bokungu. Hayupo. Ilunga. Hayupo. Tambwe, Kabongo. Alipofika la tano akachelewa kidogo, akamtupia baba jicho. "Kakule!"

"Hayupo!"

Baba alikuwa kando yangu, kofia mkononi, kichwa chini kama wazee wengine. Ng'ambo ya jiwe alikuwa Anastasie. Alikuwa amenyoa. Alipoitwa pamoja na jamaa za marehemu, naye alikuwa jamaa pekee, aliweka mkono juu ya jina, ofisa mmoja akampa mkono, mpiga picha akapiga. Alirudi mahali pake bila kututazama.

Tangu juma lililofuata, baba alianza kwenda Mpondwe kila siku ya soko, kwa miguu. Alikuwa akinunua maharagwe kwa Anastasie, kopo moja. Alisema, "Nipimie." Naye alisema, "Karibu, muzee," akampimia, akageukia mteja mwingine. Hayo tu. Nyumba ikajaa maharagwe hadi mke wangu Loyi akauliza kama tunafungua duka. Nilimwambia baba anajiaibisha. Akanijibu kwamba aibu aliizoea zamani, na kwamba nimpishe mlangoni.

Mwezi wa saba au wa nane hivi tangu aanze, alirudi akitembea upesi, akanifuata hadi kazini, akafungua kitambaa. "Ameniongezea," akasema. Juu ya kopo, Anastasie alikuwa ameweka kiganja cha ziada, ile nyongeza wanayoiita matabisi, anayopewa mteja wa siku zote. Baba alizihesabu zile punje. Nilitaka kumtania kwamba hata Kule mwingine yeyote angepewa, lakini nilipomtazama usoni nikaenda kuchanganya saruji.

Mwaka 1971 Anastasie alirudi kwao, Butembo. Hakuaga. Baba aliendelea kwenda sokoni mara mbili tatu, kisha akaacha.

Alikufa mwaka 1973, mwezi wa tano, kwa homa ya siku nne. Nilituma habari ng'ambo kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja, Jean-de-Dieu, bila kutegemea kitu. Mpaka ulikuwa mgumu wakati ule. Tulingoja siku moja zaidi ya kawaida. Wazee wakasema haifai, tukashusha jeneza.

Kwetu udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa kwanza. Mchungaji alinifanyia ishara, nikainama nikachukua udongo. Hapo nikaona watu wanapisha upande wa njia. Anastasie alikuwa anakuja, miguu imejaa vumbi hadi magotini, kichwa kimenyolewa. Watu wakaulizana ni nani. Shangazi mmoja akasema kwa sauti kwamba mgeni asubiri nyuma.

Mimi ni Baluku. Nilikuwa wa kwanza kwa miaka hamsini na mitatu, na nililipenda jina hilo kuliko nilivyojua. Nikarudi hatua moja, nikamwonyesha mahali pangu.

"Ni dada yangu," nikawaambia. "Mkubwa."

Alisimama ukingoni, akatazama chini. Aliomba kifuniko kifunguliwe. Mchungaji alisita, nikashuka mwenyewe nikakifungua. Akamtazama baba usoni, akanipa ishara nifunge. Kisha akachukua udongo, akautupa.

"Papa," akasema, "safari hii ni wewe."